Laini, polipi kubwa au akropora: matumbawe ya mtu anayesafiri

Shemeji yangu aliyeko Muscat alinipigia simu usiku mmoja wa Ramadhani, futari imekwishashuka, akaniuliza: "Shemeji, nataka tangi la maji ya chumvi kama lako, la matumbawe na samaki. Nianze na matumbawe yapi?" Nikamuuliza na mimi: "Mkienda Tanga likizo, nani anabaki nyumbani?" Akacheka, akadhani nakwepa swali.

Sikukwepa. Ukiingia dukani utakuta matumbawe yamegawanywa mafungu matatu: laini, magumu ya polipi kubwa, na magumu ya polipi ndogo, ambayo mfalme wake ni akropora. Muuzaji atakueleza rangi, ukuaji na bei. Habari ya likizo haitaji. Lakini sisi tulio mbali na kwetu tuna desturi ambayo jirani yangu Mjerumani hana: kila baada ya mwaka au miwili tunafunga mlango wiki tatu, nne, tunakwenda kuwaona wazee. Tangi la matumbawe halijulikani ubora wake siku umekaa mbele yake na kikombe cha chai. Linajulikana siku ya kumi na tano ya safari, wewe uko Raskazone, ufukweni Tanga, unatafuna pweza.

Ninakaa Hamburg na nina matangi mawili. La jikoni ni la lita 60, lina matumbawe laini. La sebuleni ni la lita 250: juu ya mwamba kuna akropora na jamaa zake, chini mchangani kuna yale ya polipi kubwa. Mafungu yote matatu nayaona kila siku, yanaoga chumvi ya ndoo moja, kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa ni ya nyumbani kwangu kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Kwetu pwani tumbawe tulilijua kama jiwe, la kujengea ukuta na la kuchomea chokaa. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, polipi, kila mmoja na mdomo wake na minyiri kuuzunguka. Ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Matumbawe magumu yanajenga nyumba ya chokaa chini ya nyama hiyo, tabaka juu ya tabaka. Laini hayajengi, mengi yana chembe ndogo tu za chokaa mwilini, na mengine hata hizo hayana. Tofauti zote utakazozisoma hapa chini zimetoka hapo. Mwenye kujenga anataka saruji na kokoto kila siku. Asiyejenga anaweza kukungoja.

Laini

Tangi la jikoni lina zoantha za rangi nne, uyoga wa bahari, sinularia moja yenye vidole, na zenia. Zenia ndiyo inayowasimamisha wageni wakiwa na sahani mkononi: polipi zake hufumba na kufumbua, hufumba na kufumbua, kama kiganja cha mtoto mchanga anayenyonya. Taa yake ni ya wati 40. Kazi yake yote ni kubadilisha lita 6 za maji kila Jumamosi na kufuta kioo. Chumvi ya dukani ina kalisiamu na madini mengine ya kuyatosha matumbawe haya, kwa hiyo sipimi sana wala siongezi kitu. Naitreti, mabaki ya uchafu wa samaki na chakula, ikifika miligramu 20 kwa lita, yananenepa.

Kuna watu wanaoyadharau, wanasema ni ya wanaoanza. Mimi nimekaa na mchezo huu miaka tisa na bado lile tangi la jikoni ndilo ninaloliangalia nikinywa chai ya asubuhi.

Ubaya wake ni wa aina nyingine. Zenia haina adabu. Ikishashika mwamba mkuu itapanda kwenye kioo, kwenye pampu, kwenye kila kitu, na ukiing'oa mabaki yanaota upya. Iweke juu ya jiwe lake peke yake, lililotengwa na mchanga pande zote. Sinularia na uyoga wa ngozi (tumbawe laini jingine, sio ule uyoga wa bahari) hutoa kemikali majini za kuwasumbua majirani, hasa matumbawe magumu. Ndiyo maana ukichanganya mafungu unahitaji mfuko wa mkaa amilifu kwenye kichujio, unaobadilishwa kila mwezi.

Jambo moja silipiti haraka. Baadhi ya zoantha, na hasa ndugu zao wanaoitwa palithoa, wana palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa palithoa wa Hawaii, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotoka kwa viumbe. Watu wamelazwa hospitali, familia nzima, kwa sababu mtu mmoja alitia jiwe lenye palithoa kwenye maji ya moto au alilisugua kwa brashi akavuta mvuke wake. Usichemshe jiwe la tangi, kamwe. Usilisugue nje ya maji. Ukikata zoantha vaa glavu na miwani, na kama una kidonda kidoleni ahirisha. Mwenye watoto wadogo wanaopenda kutia mkono majini aanze na uyoga wa bahari na sinularia, zoantha zisubiri.

Polipi kubwa

Hapa ndipo pana uzuri ambao hata asiyejua kitu anauona. Yufilia (dukani utaisoma Euphyllia) ina minyiri mirefu inayocheza na mkondo kama majani ya mnazi kwenye upepo wa kusi, ncha zake za kijani au za dhahabu. Mifupa iko chini, mifupi, imefichwa na nyama, na polipi moja inaweza kuwa kubwa kuliko kiganja. Kwa kuwa anajenga polepole, hatumii saruji nyingi. Tangi lenye vichwa vitano sita vya fungu hili unaweza kuliendesha kwa kubadilisha maji na kuongeza madini kidogo mara mbili tatu kwa wiki.

Anapenda maji yasiyo safi kupita kiasi. Nimewaona wengi, na mimi nikiwemo mwaka wangu wa pili, wakiweka vichujio juu ya vichujio mpaka naitreti na fosfeti zikasoma sufuri. Kwenye karatasi inapendeza. Majini linakuja tandabui la kahawia lenye mapovu, dinoflajelati, linalotanda kila mahali kwa sababu washindani wake wamekufa njaa. Acha naitreti kati ya 5 na 15 na usione haya.

Ugomvi wake ni wa usiku. Mchana yufilia imekaa sentimita kumi kutoka kwa jirani na kila mtu ana amani. Zima taa, ngoja saa mbili, washa tochi: utaona minyiri mingine myembamba, mirefu mara mbili tatu ya ile ya mchana, inapapasa gizani. Itakachokigusa itakichoma. Asubuhi jirani ana baka jeupe na wewe unalaumu maji. Pima nafasi kwa tochi ya usiku, sio kwa macho ya mchana.

Yufilia ikiumia, polipi inaweza kuoza kwa saa chache na kuwa kama uji wa kahawia, na uji huo ukigusa kichwa cha pili unakiambukiza. Kata kichwa kilichooza ukitoe siku hiyohiyo. Ndiyo maana ninapendelea zile zenye matawi, kila kichwa na shina lake, kuliko zile zilizoungana kama ukuta: kwenye zenye matawi una mahali pa kukatia.

Akropora

Sasa tuje kwa mfalme. Akropora ndiyo ile ya matawi kama pembe uliyoiona ukipiga mbizi ukingoni mwa mwamba, mahali wimbi linapovunjika. Montipora, stilofora na pokilopora ni jamaa wa karibu kwa mahitaji. Polipi zake ni ndogo kama punje za ulezi, rangi zake hazina mfano, na inakua: vipandikizi vya sentimita tatu nilivyovigandisha kwenye jiwe, baada ya miaka miwili vimefika usawa wa maji na nimeanza kuvikata kugawia watu. Ujerumani ugawanaji huu una historia. Kuna akropora inayoitwa kwa jina la Dietrich Stüber wa Berlin, aliyeikuza kwenye tangi lake miaka ya 1980, na vipande vyake vimepita mkono kwa mkono hadi leo katika nyumba za watu wengi. Jijini humohumo ndimo iliposhika njia iliyopewa jina la Berlin: mwamba wenye bakteria, kitoa povu cha nguvu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), taa kali, bila vichujio vingine. Tangi langu bado linakwenda hivyo.

Kinachomshinda mtu kwa akropora sio ugumu wa jambo moja moja. Ni kwamba yote lazima yabaki palepale kila siku. Tuchukue KH, kipimo cha akiba ya kaboneti majini, ile saruji niliyoisema. Bahari ina KH karibu 7. Tangi langu ninaliweka 7.5. Matumbawe yangu yanakula karibu nyuzi moja kwa siku, maana yake nikikaa siku tatu bila kuongeza, tumbawe limehama bahari. Kuirudisha nyuzi moja ndani ya lita 250 nahitaji gramu 7.5 hivi za bikaboneti ya sodiamu, ileile ya kuokea keki (sio magadi ya Ziwa Magadi, aliniuliza mtu), na kwa kila nyuzi moja ya KH kalisiamu hushuka miligramu 7 kwa lita, nayo irudishwe. Kwa mkono inawezekana wiki ya kwanza. Baada ya hapo utanunua pampu ndogo ya matone inayotia kimiminika kidogokidogo usiku na mchana.

Na pampu ndiyo iliyoniponza. Mwaka juzi nilikwenda Tanga wiki nne, harusi ya mdogo wangu. Kijana wa ghorofa ya chini alipewa ufunguo, chakula cha samaki kwenye vikasha vya siku, na mtungi wa maji safi. Kila siku mbili alinitumia ujumbe: samaki wanakula, kila kitu salama. Na alikuwa mkweli, samaki walikuwa wanakula. Ila ncha ya mpira wa bikaboneti, pale unapokaribia uso wa maji, iliota ukoko mweupe mdogo kama punje ya mchele ikaziba. Pampu ikaendelea kuzunguka, taa yake ya kijani inawaka, tone halitoki. Niliporudi nilipima KH kabla sijavua koti: 5.1. Akropora tatu zilikuwa nyeupe kuanzia kwenye shina, nyama imechubuka kama rangi ya ukuta mbichi.

Zilikuwa bado zinaokoleka. Aliyezimaliza ni mimi. Usiku uleule, kwa uchovu wa ndege na hasira, nilipandisha KH kutoka 5.1 hadi 8 kwa mara moja. Baada ya siku mbili zile tatu zilikuwa mifupa mitupu, na mbili nyingine zilizokuwa nzima zikaungua ncha. Ilitakiwa nyuzi nusu kwa siku, moja ikizidi sana. Ninaambiwa kila mwenye akropora ana kisa chake cha namna hii. Changu kilinigharimu takribani euro 200 na miaka miwili ya ukuaji.

Jikoni, wiki zile nne, zenia ilikuwa imepanda mpaka juu ya kikapu cha pampu.

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

| | Laini | Polipi kubwa | Akropora na jamaa zake |
|---|---|---|---|
| Mwanga (PAR) | 50–120 | 80–150 | 200–350 |
| Mkondo kwa saa | mara 10–15 ya ujazo wa tangi | mara 10–20, usiipige moja kwa moja | mara 30–50, unaobadilika mwelekeo |
| Naitreti, mg/l | 5–20 | 5–15 | 2–10 |
| KH | 7–11 | 7.5–9 | 7–8.5, isiyumbe |
| Kuongeza madini | maji mapya yanatosha | mara 2–3 kwa wiki | kila siku, kwa pampu |
| Wiki 4 bila wewe | yanavumilia | yanavumilia mradi maji yajazwe | hapana, ila kwa mtu anayejua kupima |

Mengine hayatofautiani sana: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 24 hadi 26, kalisiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1300. PAR ni kiasi cha mwanga ambao mwani wa ndani ya tumbawe unaweza kuutumia. Kipima chake ni ghali, na maduka mengi na vilabu vya wapenzi wa matangi huazimisha kwa wikendi. Usinunue.

Lita 60 au lita 250

Shemeji alitaka tangi dogo, akiamini dogo ni rahisi. Nikamfanyia hesabu kwenye simu. Maji yakikauka, yanayokwenda ni maji matupu, chumvi inabaki. Tuseme jirani amesahau, zimekauka lita 3. Kwenye tangi la lita 60 chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 36.8. Kwenye la lita 250 imefika 35.4, na hakuna kiumbe aliyetambua. Siku ya nne ya kusahau, lile dogo limekuwa sufuria la supu. Wingi wa maji ni subira uliyoinunua.

Kwa hiyo dogo na laini vinakwenda pamoja, kwa sharti la kifaa kimoja: kijazio, pampu yenye kihisi inayorudisha maji safi kila usawa ukishuka. Bei yake ni chini ya euro 100 na kwa msafiri ni cha lazima kuliko taa nzuri. Maji ya kujazia yawe yamepita kwenye kichujio cha osmosisi, sio ya bombani, maana ya bombani yanaleta naitreti, fosfeti na pengine shaba, na shaba inaua konokono na kamba kabla ya wengine wote. Weka mtungi wa kutosha siku zote za safari, kisha ongeza theluthi. Akropora kwenye lita 60 inawezekana, nimeiona kwa mtu mmoja. Mtu huyo hasafiri.

Umeme nao haufanani. La jikoni linakula karibu kilowati-saa 1.2 kwa siku: taa, pampu moja ndogo, hita. La sebuleni linakaribia 6, na nusu yake ni taa za akropora. Kwa bei ninayolipa, senti 35 kwa kilowati-saa, ni kama euro 13 kwa mwezi dhidi ya 63. Chumvi ongeza mwenyewe. Lita 25 za maji mapya zinataka karibu kilo moja.

Samaki, kwa kifupi

Watu huanza na samaki halafu wakauliza matumbawe. Geuza. Jozi ya samaki klauni waliozaliwa kwenye matangi inafaa fungu lolote kati ya haya matatu, inaishi hata kwenye lita 100, na ina kioja chake: mkubwa ndiye jike, na akifa, dume anageuka kuwa jike. Kangaja yule wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, anayepatikana kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki na kusafirishwa hadi Ulaya, anapendwa na kila mtoto anayeingia dukani. Chini ya lita 500 simwuzii mtu wazo hilo. Anaogelea mchana kutwa na akibanwa anaugua. Mnyime nafasi, ataota vidoa vyeupe mwili mzima na kuwaambukiza wote.

Kinachonichekesha ni tasi. Dukani hapa yuko tasi wa njano mwenye uso wa kinyago, jamaa wa yule wetu wa kukaanga, anauzwa zaidi ya euro 50 ili ale mwani kwenye tangi. Muuzaji alinionya kwamba miiba yake ina sumu. Nikamwambia bibi yangu alinifundisha hilo nikiwa na miaka sita, kwa vitendo.

Usiyatoe nyumbani

Kila ninapokwenda Tanga kuna anayeniambia nichukue tumbawe moja kwenye begi, bahari si iko pale. Matumbawe magumu yote, mpaka mfupa mkavu wa kuweka mezani, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila vibali forodha ya hapa inayachukua na kesi inakusubiri. Na hata kama ingekuwa ruhusa, mwamba wetu umekula baruti ya wavuvi, na mwaka 1998 maji yalipochemka matumbawe yakatapika mwani wake yakawa meupe. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza nusu au zaidi ya matumbawe hai. Nunua vipandikizi vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimezoea taa za dukani, havibebi wadudu wengi, na vya fungu la laini mara nyingi utapewa bure na mtu ambaye zenia imemshinda.

Basi nani achukue yapi

Mtu wa zamu, anayeondoka kila mwaka, jirani yake ni mwema lakini hajui kupima kitu: laini, lita 60 hadi 120, na kijazio. Sitamshauri kingine hata akiwa na fedha za kujaza sebule.

Mtu mwenye mwenza au kijana mkubwa anayebaki nyumbani na yuko tayari kutia matone mara mbili kwa wiki: polipi kubwa kwenye lita 120 hadi 250, na laini chache pembeni. Kama ningeanza upya ningekaa hapa. Nasema hivyo huku nikijua sitaziuza akropora zangu.

Akropora ni ya mtu anayependa kupima. Sio anayependa matumbawe, anayependa kupima. Ukiona kujaza vijitone kwenye kichupa mpaka rangi igeuke ni adhabu, utaliona tangi ni adhabu. Na uwe na rafiki wa mchezo huohuo mji huohuo, mkapeana funguo. Mimi sasa ninaye, bwana mmoja Mturuki anayekaa vituo viwili vya treni kutoka kwangu. Yeye anakwenda kwao Agosti, mimi Desemba. Namtazamia matone yake, ananitazamia yangu, na kabla ya safari tunang'oa mipira yote na kuilowesha kwenye siki usiku kucha.

Kwa shemeji kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo mimi wa Hamburg sina. Huku tunapasha maji moto. Muscat kazi ni kuyapoza. Feni ndogo juu ya tangi inashusha nyuzi mbili tatu kwa kukausha maji, na hapo kijazio kinafanya kazi maradufu. Kipoza maji chenyewe ni ghali na kinapiga kelele, tena joto kinalolitoa majini kinalimwaga sebuleni. Anachokitegemea hasa ni kiyoyozi cha nyumba, na watu wakisafiri kiangazi huzima kiyoyozi. Maji yakikaa nyuzi 31 kwa siku kadhaa, hata zenia inanywea. Aliniuliza pia kama achote maji ya bahari, maana yako mlangoni. Nikamwambia yanafaa yakichotwa mbali na bandari na mbali na mitambo ya kuondoa chumvi, ambayo inarudisha baharini maji yenye chumvi kali. Lakini kubeba madumu kila wiki kutamchosha kabla ya mwezi wa tatu, anunue ndoo ya chumvi.

Amechukua tangi la lita 120. Ameliacha wiki tano na jiwe na chakula kidogo tu, mpaka amonia na naitraiti, sumu za uchafu ambao bakteria hawajaumaliza, zikasoma sufuri, jambo ambalo sikutegemea kwake kwa jinsi nimjuavyo. Ndani sasa kuna zoantha, uyoga wa bahari, klauni wawili, na yufilia moja ya vichwa viwili ambayo nilimwambia asinunue bado. Anaituma video kila usiku. Juzi kichwa kimoja kilikuwa kimejikunja, akaandika: "Shemeji, inakufa?" Nikamuuliza kama ameigusa. Akakaa kimya kidogo, akajibu kwamba aliisogeza ili ionekane vizuri kutoka kwenye kochi.

Nimemwambia mkono utoke majini wiki mbili, na Julai wakiondoka kiyoyozi kibaki 26. Bili ya umeme tutaizungumza Tanga.